Cavalier: Upole Uliozaliwa Pamoja na Maradhi

Mwezi Oktoba 2023, Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba kuzalisha mbwa wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel kama ilivyokuwa ikifanyika ni kuvunja sheria ya nchi hiyo ya ustawi wa wanyama. Shauri lilikuwa limefunguliwa na chama cha kutetea wanyama dhidi ya chama cha mbwa cha taifa, vyama vya wapenzi wa aina hiyo na baadhi ya wazalishaji. Mara nyingi mbwa akitajwa mahakamani huwa ameuma mtu. Huyu hakuwa na kosa lolote. Mahakama ilikuwa inamtetea dhidi ya watu wanaosema wanampenda.

Cavalier ni mbwa mdogo wa nyumbani, mwenye uzito wa kati ya kilo 5.4 na 8, masikio marefu yenye manyoya laini, macho makubwa meusi na mkia usiotulia. Ukiwauliza madaktari wa mifugo wa Uingereza ni mbwa gani wampendekeze kwa familia yenye watoto, wengi watamsifu kwa tabia, kisha watasita watakapofika kwenye afya. Kusita huko ndiko kunakostahili kuchambuliwa. Upole wa mbwa huyu na maradhi yake vimetoka katika mikono ileile ya binadamu. Kwa hiyo swali la namna ya kumtunza haliwezi kutenganishwa na swali la namna anavyozalishwa.

Sura iliyotafutwa kwa zawadi ya pauni 25

Mbwa wadogo wa jamii ya spaniel walikaa katika majumba ya watawala wa Ulaya kwa karne kadhaa. Mfalme Charles II wa Uingereza, aliyetawala kuanzia 1660 hadi 1685, aliandamana nao kila mahali, na mwandishi wa shajara Samuel Pepys alilalamika mwaka 1667 kwamba mfalme alikuwa akicheza na mbwa wake huku mambo ya nchi yakijadiliwa mbele yake. Baadaye John Churchill, Duke wa kwanza wa Marlborough, alijulikana kwa mbwa wake weupe wenye mabaka mekundu. Jina la Blenheim, vita alivyoshinda mwaka 1704 na kasri lililojengwa baada yake, limebaki kuwa jina la rangi hiyo hadi leo. Rangi nyingine zinazokubaliwa ni tatu: wenye rangi tatu kwa pamoja, weusi wenye alama za hudhurungi, na wekundu mwili mzima.

Katika karne ya 19 mitindo ilibadilika. Waingereza walipenda mbwa wenye nyuso bapa, na spaniel hao wakachanganywa na mbwa wafupi wa uso kutoka Asia ya Mashariki. Pua ikarudi nyuma, fuvu likawa la mviringo, na yule mbwa wa kwenye michoro ya zamani akatoweka. Ndipo Mmarekani aitwaye Roswell Eldridge alipofika London akimtafuta na asimpate. Mwaka 1926 alitangaza zawadi ya pauni 25 katika maonyesho ya mbwa ya Crufts kwa dume na jike watakaofanana zaidi na spaniel wa enzi ya Charles II: uso mrefu, fuvu bapa. Eldridge alifariki kabla ya kuona matunda ya zawadi yake. Mwaka 1928 wafuasi wa wazo hilo, akiwemo Amice Pitt, waliunda chama na kuandika sifa za aina mpya kwa kumtazama mbwa mmoja, dume aliyeitwa Ann's Son. Kennel Club ya Uingereza ilimtambua Cavalier kuwa aina inayojitegemea mwaka 1945.

Tarehe hizo zinaeleza mengi. Kwanza, Cavalier tunayemjua ana umri wa chini ya miaka mia moja, ingawa anauzwa kwa jina la mfalme wa kale. Pili, alianzishwa na mbwa wachache, kisha Vita vya Pili vya Dunia vikawapunguza hata hao wachache, kwa kuwa chakula kilikuwa adimu na wazalishaji walishindwa kuwalisha. Wanaofuatilia nasaba wanasema Cavalier wengi wa leo wanarudi kwa mbwa sita tu wa kipindi hicho. Tatu, umaarufu ulimjia ghafla. Mwaka 1973 Cavalier aitwaye Alansmere Aquarius alichukua ushindi mkuu wa Crufts, na mahitaji yakapanda. Mbwa kutoka ukoo mwembamba namna hiyo akalazimika kujaza nyumba za nchi nyingi, hadi Ikulu ya Marekani, ambako Rais Ronald Reagan alikuwa na Cavalier aitwaye Rex.

Tabia: mbwa anayetaka mtu

Mbwa wengi walizalishwa kwa kazi: kuchunga, kulinda, kuwinda, kuvuta mzigo. Kazi ya Cavalier ni kukaa na mtu, na anaifanya kwa moyo wote. Akiwa nyumbani humfuata mwenye nyumba chumba kwa chumba. Hulala mapajani akiruhusiwa na miguuni akikatazwa. Huwapokea wageni kwa furaha, jambo linalomfanya awe mlinzi dhaifu kupita kiasi. Anayetafuta mbwa wa kufukuza wezi asimguse huyu.

Kwa watoto ni mvumilivu, na hapo mzazi anapaswa kuwa macho zaidi, kwa sababu mbwa asiyelalamika anaweza kuumizwa muda mrefu bila mtu kujua. Kwa wazee na wagonjwa ni faraja ya kweli. Ndiyo maana Cavalier hupelekwa hospitalini na katika nyumba za kulea wazee kuwatembelea wanaohitaji mwenzao. Anaelewana na mbwa wengine na paka pia.

Hata hivyo, asili ya uwindaji haijaisha ndani yake. Akiona ndege au kipepeo hukimbia bila kutazama nyuma, na hana akili ya barabara hata kidogo. Asifunguliwe kamba karibu na magari hata kama nyumbani ni msikivu kiasi gani. Udhaifu wake mkubwa wa kitabia ni upweke. Mbwa aliyezalishwa ili awe na mtu huteseka anapoachwa peke yake kuanzia asubuhi hadi jioni: hulia, hutafuna vitu, hukojoa ndani. Huo si utundu wa kuadhibiwa. Familia ambayo watu wake wote huwa kazini na shuleni siku nzima ikubali mapema kwamba mbwa huyu hawafai.

Kumfundisha ni rahisi kwa sababu anapenda kufurahisha na anapenda kula. Sauti ya ukali humvunja moyo. Kipande kidogo cha chakula na sifa kidogo vinatosha.

Matunzo ya kila siku

Manyoya yake ni ya kuchanwa mara kadhaa kwa wiki, hasa nyuma ya masikio, kwapani na miguuni yanakojisokota haraka. Masikio yananing'inia na kufunika tundu, hivyo unyevu hukaa ndani. Yakaguliwe kila wiki na kunuswa, kwani harufu mbaya ni dalili ya maambukizi. Macho makubwa huumia kwa urahisi na mengine hukosa machozi ya kutosha, hali inayoweza kuleta upofu isipotibiwa. Meno yapigwe mswaki, kwa kuwa mbwa wadogo hupata ugonjwa wa fizi mapema.

Chakula ndicho kinachowashinda wengi. Cavalier ataomba kila mara, na uso wake unajua kuomba. Kwa mbwa wa kilo saba, nusu kilo ya ziada ni mzigo halisi kwa magoti na moyo. Chakula kipimwe, na vipande vya kufundishia vihesabiwe ndani ya kipimo hicho. Chokoleti, zabibu, vitunguu na vitu vyenye zailitoli, ile sukari ya kutengenezwa inayotiwa katika baadhi ya peremende na dawa za meno, ni sumu kwa mbwa.

Matembezi ya nusu saa hadi saa moja kwa siku yanamtosha. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani. Kumvuta shingoni ni kumwongezea adha mbwa ambaye, kama tutakavyoona, shingo yake huenda tayari inauma.

Moyo

Kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo kuna kilango kiitwacho mitrali, kinachoruhusu damu kwenda mbele tu. Kwa mbwa wengi wadogo kilango hicho huchakaa uzeeni, kikawa kama mlango usiofunga sawasawa, na damu kidogo ikavuja kurudi nyuma kila pigo. Tofauti ya Cavalier ni umri. Takriban nusu yao huwa na mvumo wa moyo wanapofikisha miaka 5, na wanaofika miaka 10 karibu wote wanao. Ugonjwa huu ndio sababu kuu ya vifo vyao.

Mvumo wenyewe si hukumu ya kifo. Mbwa wengi huishi miaka kadhaa nao bila dalili. Daktari huusikia kwa stetoskopu, na picha ya ultrasaundi huonyesha kama moyo umeanza kutanuka. Hatua hiyo ni muhimu, maana utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha mbwa 360 wa aina mbalimbali, ulionyesha kwamba dawa ya pimobendani, ikianza kutolewa moyo ukishatanuka lakini kabla haujashindwa kazi, huahirisha kushindwa huko kwa takriban miezi 15. Kwa mbwa, huo ni muda mrefu. Upasuaji wa kurekebisha kilango upo pia, na daktari Mjapani Masami Uechi ndiye aliyeusogeza mbele zaidi, lakini gharama yake iko nje ya uwezo wa familia nyingi.

Mwenye Cavalier ana kipimo kimoja cha bure: kuhesabu pumzi mbwa akiwa amelala. Kifua kikipanda na kushuka zaidi ya mara 30 kwa dakika, tena kwa kurudia, ni wakati wa kumpigia daktari. Kukohoa, kuchoka haraka na kuzimia ni ishara nyingine.

Ubongo na fuvu

Tatizo la pili ni gumu zaidi kulitazama. Sehemu ya nyuma ya fuvu la Cavalier wengi ni ndogo mno kwa ubongo uliomo. Ubongo husukumwa kuelekea tundu lililo chini ya fuvu, na majimaji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo hayapiti inavyotakiwa. Mtiririko huo uliovurugika hutengeneza mifuko ya majimaji ndani ya neva kuu ya mgongoni. Madaktari huuita ugonjwa huo siringomielia.

Dalili zake hufanana na tabia za kawaida, na hapo ndipo familia inapodanganyika. Mbwa hujikuna upande wa shingo huku akitembea, na mara nyingi mguu haugusi ngozi. Hulia ghafla anapobebwa. Hukataa kushikwa masikio, au hulala kichwa kikiwa kimeinuliwa. Wengine huonyesha upole tu, wakatulia kupita kiasi, na watu wakasifu utulivu huo. Tatizo la ute mzito nyuma ya ngoma ya sikio, ambalo nalo huwapata Cavalier wengi, linaweza kuleta dalili zinazokaribiana na hizo. Kwa hiyo uchunguzi wa daktari na, inapowezekana, picha ya MRI ndivyo vinavyotofautisha.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwapiga picha Cavalier 555 ambao wamiliki wao walisema hawana dalili yoyote. Robo ya waliokuwa na umri wa mwaka mmoja walikutwa na siringomielia. Kwa waliofikisha miaka 6 au zaidi ilikuwa asilimia 70. Si kila mwenye mifuko hiyo anaumwa, lakini takwimu hiyo inaonyesha jinsi kasoro ilivyosambaa katika ukoo mzima. Dawa za kupunguza maumivu ya neva, kama gabapentini, huwasaidia wengi. Hakuna inayolirekebisha fuvu lenyewe.

Kwa nini wazalishaji wema hawatoshi

Watetezi wa utaratibu wa sasa wanasema suluhisho ni upimaji. Hoja yao ina nguvu, na inafaa kupimwa kwa haki.

Yako maradhi ya Cavalier yanayotokana na jeni moja, kama ule wa kukakamaa na kuanguka ghafla, na ule wa macho makavu unaoambatana na manyoya ya kujikunja. Kipimo cha jeni cha maradhi hayo kilipopatikana miaka zaidi ya kumi iliyopita, wazalishaji waliweza kuepuka kupandisha wabebaji wawili wa jeni hiyo, na tatizo likawa linaweza kumalizika bila kumwondoa mbwa yeyote mwingine. Huo ni ushindi wa upimaji.

Kwa moyo pia kuna ushahidi. Denmark ilifanya uchunguzi wa moyo kuwa sharti la uzazi, na ulinganisho wa mbwa waliopimwa 2002–2003 na wale wa 2010–2011 ulionyesha kwamba hatari ya mvumo wa moyo ilipungua kwa asilimia 73 chini ya utaratibu huo. Miongoni mwa mbwa waliozaliwa nje ya utaratibu, nafuu hiyo haikuonekana. Kwa hiyo sharti linafanya kazi na hiari haitoshi.

Tatizo linajitokeza unapojumlisha. Maradhi ya moyo na ya fuvu yanatokana na jeni nyingi, na hakuna kipimo kimoja cha kuyatambua. Ugonjwa wa moyo hujidhihirisha mbwa akishakomaa, wakati wengi huzalishwa wakiwa bado vijana. Ndiyo maana madaktari wa moyo walishauri tangu zamani kwamba Cavalier asizalishe kabla ya miaka miwili na nusu, na wazazi wake wawe na moyo safi wakiwa na miaka 5. Sasa ondoa wote wenye mvumo wa mapema, ondoa wenye mifuko mgongoni, kisha jaribu kupandisha waliobaki bila kupandisha ndugu kwa ndugu. Katika ukoo uliotokana na mbwa sita, wanaobaki ni wachache mno, na ufinyu huohuo huzaa kasoro mpya. Watafiti wa Sweden, mwaka 2021, walikuta kwamba Cavalier wanabeba jeni zenye madhara kwa wingi kuliko aina nyingine walizowalinganisha nazo.

Umma ulianza kuyafahamu haya mwaka 2008, BBC ilipoonyesha filamu ya Pedigree Dogs Exposed, iliyowaonyesha Cavalier wakiumwa na wazalishaji waliokaa kimya. BBC iliacha kutangaza Crufts mwaka 2009, na Kennel Club ikakataa kuandikisha watoto wa mbwa waliozaliwa na mzazi na mwanawe au na ndugu wa baba na mama mmoja. Mwaka 2012 mpango rasmi wa picha za MRI ulianza Uingereza. Ni hatua njema, lakini kinachobaki kuwa hiari kinafuatwa na waliokuwa waaminifu tangu mwanzo.

Kuna hofu nyingine ya kweli: kwamba marufuku itawasukuma wanunuzi kwa wauzaji wa vichochoroni wasiopima chochote, au kwa mbwa walioingizwa kutoka nchi nyingine. Hofu hiyo inahitaji kujibiwa kwa usimamizi wa biashara. Haihalalishi kuzalisha kwa makusudi mbwa ambao tunajua watafika katikati ya maisha wakiwa wagonjwa.

Mahakama za Norway hazikuwanyang'anya watu mbwa wao, wala hazikufunga njia ya kuchanganya damu ya Cavalier na aina nyingine kwa mpango wa kisayansi. Naamini hiyo ndiyo njia sahihi. Wanaoikataa wanasema itaharibu usafi wa aina. Historia inawajibu: ni kuchanganya damu kulikomfupisha pua mbwa huyu katika karne ya 19, na ni uteuzi wa makusudi uliomrefusha tena kati ya 1926 na 1945. Binadamu alibadilisha uso wake katika miaka isiyofika 20 kwa ajili ya pauni 25 na mvuto wa michoro ya zamani. Hana udhuru wa kukataa kumpa moyo na fuvu vyenye afya.

Neno kwa anayetaka Cavalier

Msomaji aliye Ulaya au Marekani ya Kaskazini ana fursa ya kudai. Muulize mzalishaji cheti cha moyo cha wazazi wote wawili kilichotolewa na mtaalamu wa moyo, umri wao siku walipopandishwa, hali ya mioyo ya babu na bibi, majibu ya MRI na ya jeni. Omba kumwona mama akiwa na watoto wake. Anayejibu kwamba mbwa wake hawajawahi kuumwa bila kuonyesha karatasi hajajibu. Fikiria pia kumchukua Cavalier aliyekomaa anayetafuta nyumba kupitia chama cha uokoaji. Umri wake mkubwa hukuwezesha kujua hali ya moyo wake kabla hujamzoea.

Kwa aliye Afrika Mashariki kuna jambo moja la ziada. Kupe wa mbwa hueneza ehrlichiosisi, ugonjwa unaopunguza chembe sahani za damu. Cavalier wengi huzaliwa wakiwa na chembe sahani chache lakini kubwa, bila madhara yoyote, na mashine za maabara huzihesabu pungufu. Kwa hiyo mbwa mzima anaweza kutibiwa ugonjwa asio nao, na mgonjwa kweli akapuuzwa kwa kudhaniwa kuwa ndivyo alivyo. Mkumbushe daktari aina ya mbwa wako, aombe damu itazamwe kwa hadubini, na apimwe akiwa mzima ili kuwe na rekodi ya kulinganisha. Dawa ya kupe na chanjo ya kichaa cha mbwa visikosekane.

Aliyekwisha kuwa naye asijilaumu. Ampime moyo kila mwaka, adhibiti uzito, amfunge mkanda wa kifuani, na asiupuuze mkuno wa shingoni. Anayepanga kununua aahirishe mpaka aone karatasi, na asipoziona aondoke mikono mitupu. Kila fedha inayomfikia mzalishaji asiyepima inamlipa azalishe wagonjwa wengine. Siku wanunuzi watakapokataa, mzalishaji atabadilika bila kusubiri mahakama.